Samahani, Jirani: Jinsi Nilivyostaafu Ufundi wa Sauti

Wajukuu zangu wa gredi ya saba, ya nane na ya tisa, shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale walionuna. Marahaba.

Najua mnanong'onezana huko nyuma: huyu Mbarak wa kidato cha nne, ambaye juzi tu alipigishwa magoti nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, amekuwa mzee lini? Nimekuwa. Uzee si mvi. Uzee ni kufika mahali ukatazama nyuma, ukaiona kazi uliyoifanya, na bado usielewe ilikuwa kazi gani. Mimi nilikuwa fundi wa sauti wa bendi ya Kuti Kavu tangu nikiwa kidato cha pili. Sasa nimestaafu. Kiinua mgongo sikupewa, na mgongo wenyewe unaniuma kwa ajili ya kabati, ambalo nitalieleza mbele.

Naandika haya kwa sababu nasikia baadhi yenu mnataka kuanzisha bendi. Wallahi sitaki kuwazuia. Nataka tu mchanganyikiwe mapema, msije mkachanganyikiwa mmeshachelewa kama mimi.

Swali la kwanza mtakaloulizwa ni: mnapiga muziki gani? Sisi tulikuwa watu watatu na majibu manne. Rehema, binti wa Changamwe, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Alitaka gitaa lingurume kama lori lililokwama kwenye kilima likiwa na kontena mbili. Katana, wa Mikindani, alikuwa mtu wa kurap, na maneno yalimtoka kwa Kiswahili na Kigiriama pamoja, kwa kasi ambayo hata mama yake hushika kiuno akamwambia, "Kula kwanza, utaongea baadaye." Mimi nilirekodi kwa simu, na ngoma nilipiga mimi mwenyewe, kwa ndoo, kwani mpiga ngoma wetu alihamia Voi akaenda na vijiti vyake.

Tulipomaliza wimbo wa kwanza tulimpelekea kijana mmoja anayepiga muziki kwenye harusi. Akasikiliza huku ametoa ulimi.

"Wimbo mzuri," akasema. "Toeni hilo gitaa tu, yabaki maneno."

Tukampelekea binamu yake Rehema, mpenzi wa magitaa, nywele zake zimesimama kama ufagio.

"Wimbo mkali," akasema. "Toeni hayo maneno tu, libaki gitaa."

Katana akakokotoa hesabu njia nzima ya kurudi. "Tukiwasikiliza wote wawili, tutabaki na nini?"

"Kimya," nikamwambia. Nilidhani nafanya mzaha.

Bibi yangu, tunayeishi kwake Jomvu Kuu, naye alikuwa na swali lake. "Nyimbo zenu ni za harusi au za msiba? Maana mimi nijuazo ni hizo mbili." Tukatazamana. Rehema akajibu kwa heshima, "Ni za njiani, Bibi." Bibi akatikisa kichwa akasema, "Basi mungefika."

*

Kila fundi ana mwalimu wake. Wangu ni Fundi Omari wa Magongo, anayetengeneza vipaza sauti vya misikiti, vya makanisa na vya wanasiasa. Wote huwatendea sawa, kwa maana sikio lake la kushoto lilikwisha zamani na la kulia hulifungulia watu anaowapenda tu. Msinicheke. Kujifunza sauti kwa mtu asiyesikia kuna faida yake: kila kitu alinifundisha kwa vidole. Aliniwekea kiganja juu ya spika akaniambia, "Ikikutekenya, nzuri. Ikikuuma, punguza."

Mengine aliyonifundisha yalikuwa balaa. Aliniambia kuta za chumba cha kurekodia hubandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke. Nikazunguka kwa wauza mayai wote kuanzia Jomvu hadi Miritini nikiomba trei tupu. Nikazibandika chumba kizima. Kwa siku chache sauti ilitulia kweli. Kisha mende wakapata habari. Walihamia na jamaa zao wote, na Rehema alipovuta waya wa gitaa nyuma ya trei alitoa mlio ambao hakuna wimbo wetu umewahi kuufikia. Nilikuwa narekodi. Bado ninao.

Ninao kwa sababu ya neno jingine la Fundi Omari: "Usifute. Sauti iliyoharibika nayo ni sauti." Sikulifuata kwa hekima, nisiwadanganye. Nililifuata kwa uvivu. Kufuta kulitaka kusikiliza tena, na mimi sikupenda kusikiliza mara ya pili jambo lililonishinda mara ya kwanza.

Na mkirekodi mahali penye misikiti, wajueni waadhini wenu. Kwetu wa msikiti mkubwa huanza ghafla. Lakini wa msikiti mdogo ni mzee, na kabla ya kuadhini hukohoa kwenye kipaza sauti. Kikohozi kile ndicho kilikuwa saa yetu. Akikohoa, Rehema huweka gitaa chini, Katana hufunga mdomo, mimi huzima simu. Tuna nyimbo mbili zinazoishia kwa kikohozi. Watu husema ni ubunifu.

*

Sasa tuje kwenye ukuta.

Chumba chetu kilikuwa cha nyuma katika nyumba ya Bibi. Ukuta wake mmoja ndio huohuo ukuta wa jirani, Mzee Athmani na mkewe Bi. Zuhura. Ni ukuta wa zamani, wa mawe na udongo na chokaa, na juu haufiki kwenye mabati. Kuna mwanya wa kupita paka. Paka akipita, na sauti hupita.

Mzee Athmani alituchukia. Sisemi hakutupenda, nasema alituchukia, kwa bidii, kama kazi ya ajira. Tulikuwa na wimbo mmoja mkubwa, "Lori la Miritini", ambao ndio hasa uliotufanya tuitwe bendi. Huanza polepole, Katana akilalamika juu ya foleni na vumbi, kisha Rehema huachilia gitaa likanguruma, na mimi nikapiga ndoo zangu kama zimenikosea. Kila tulipofika hapo kwenye ngurumo, Mzee Athmani aliugonga ukuta kwa bakora yake: ngo! ngo! ngo! Mara tatu, kisha sauti yake:

"Hata adabu hamna!"

Tukanyamaza. Mzee akipiga mara tatu maana yake ni moja tu: zimeni. Siku moja Katana alijaribu kuendelea, na mzee akaja mpaka mlangoni, kanzu ameishika kwa mkono mmoja.

"Nyinyi watoto mwataka n'fe?"

"Hapana, Mzee. Shikamoo."

"Shikamoo yako weka huko! Yule n'nani anayelia humo ndani?"

"Si mtu, Mzee. Ni gitaa."

Akalitazama gitaa kwa muda, akamtazama Rehema. "Lipelekeni hospitali," akasema, akaenda zake.

Basi wimbo ule tuliurekodi mara nyingi, na kila mara ukaharibika palepale. Tukasema tutaumaliza likizo ya Agosti. Na likizo ile ilikuwa ya mwisho, kwa sababu babake Rehema, anayefanya kazi ya mizigo ya forodha, alikuwa amehamishiwa Malaba. Shule zikifunguliwa, Rehema angekuwa huko, upande mwingine wa nchi. Mimi ningekuwa na mtihani. Katana angekuwa na maneno bila mahali pa kuyaweka. Albamu yetu ya kwanza, tuliyoipa jina "Samahani, Jirani" kwa ajili ya Mzee Athmani, ilikuwa iishe likizo hiyo au isiishe milele.

Shule zikafungwa. Siku ya pili ya likizo, Mzee Athmani akafariki.

Nilibeba viti, nilibeba jeneza zamu yangu, nilichota maji. Katana alisimama nje ya lango akiwa amevaa shati la babake. Akanivuta pembeni.

"Mbarak. Alisema 'mwataka nife'. Ni sisi?"

Bibi akamsikia, kwani Bibi husikia. "Kaondoka kwa sukari yake na siku yake imefika," akamwambia. "Msijipe ukubwa."

*

Wale msioishi mitaa yetu hamwezi kujua uzito wa jambo hili, basi nieleze. Bi. Zuhura aliingia eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, wanaume wasio maharimu, yaani wasio ndugu zake wa karibu, hawaingii kumwona. Na jirani zake hawapigi muziki. Hakuna aliyetuambia tusipige, na hakuna aliyehitaji kutuambia. Gitaa la Rehema likingurumishwa ukutani kwa mtu aliye edani, Bibi angetangulia kunizika mimi.

Tukaenda kwa Rehema, Changamwe. Nyumba yao iko chini ya njia ya ndege. Kila Katana alipofika mstari mzuri, ndege ilishuka. Tukaenda kwa Katana, Mikindani. Kwao jirani ni kwaya ya kanisa, na kwaya ile hufanya mazoezi kama watu wanaokimbizwa na kitu. Tulirekodi wimbo mmoja ambao hata leo sijui ni wetu au wao.

Tukarudi Jomvu Kuu, tukakaa sakafuni kama mizigo iliyokosa mwenyewe.

"Tupige kimyakimya," Rehema akasema.

"Roki ya kimya?" Katana akamtolea macho. "Hiyo ni pilau ya maji."

"Una lingine?"

Katana akamsogezea gitaa.

Hapa ndipo nilipojifunza kazi, wajukuu, sijui kazi gani lakini nilijifunza. Gitaa tulilichomeka kwenye simu, mlio ukawa masikioni mwetu tu, nje husikii ila nyaya zikikwaruzwa: kwaru, kwaru. Ndoo zangu nilizivisha foronya. Badala ya matoazi ya bati, nilichukua ungo wa Bibi nikatia mchele mkavu nikaupepeta karibu na maikrofoni: shaa, shaa. Nikachukua na mbuzi ya kukunia nazi, nikaikwaruza kwa kifuu. Sauti yake kwenye simu ni kama mtu anayesaga meno. Katana tulimwingiza ndani ya kabati la Bibi, katikati ya kanga zilizofukizwa udi, tukafunga mlango, akarap kwa kunong'ona. Kabati ni dogo, basi mtu wa kushika maikrofoni alilala kifudifudi chini yake kichwa kikiwa ndani na miguu nje. Mtu huyo ni mimi. Ndio huo mgongo.

Tukausikiliza wimbo wa kwanza wa namna ile mpaka mwisho.

"Unatisha," Rehema akasema.

"Unatisha vizuri au vibaya?"

Akafikiri. "Sijui."

"Ni roki?" Katana akauliza.

"Sijui."

"Ni hip-hop?"

"Katana, nimesema sijui!"

Tukaendelea hivyohivyo, bila kujua, kila mchana baada ya adhuhuri. Wimbo baada ya wimbo. Ukabaki mmoja tu, "Lori la Miritini", ambao haunong'onezeki. Tulijaribu. Lori linalonong'ona ni baiskeli.

*

Siku moja Bibi alirudi kutoka kwa Bi. Zuhura amejishika shavu. Huenda kila siku kumkalia na kumpelekea uji.

"Kuna jambo," akasema. "Zuhura asikia kitu ukutani."

"Kitu gani, Bibi?"

"Mchana, akijinyoosha. Asikia mtu anong'ona. Maneno mengi, upesiupesi, lugha haifahamu. Na kitu chakwaruza kama kucha. Na mchanga wamwagika, shaa, shaa. Maskini, mwanzo alidhani ni marehemu amwita. Kisha akasema marehemu hakuwa mtu wa kunong'ona. Sasa ameingiwa na hofu, huenda ni jini."

Sasa nisikilizeni vizuri, na mtakaocheka mchekee chini. Mimi niliingiwa na baridi. Nikamtazama Rehema, naye ameingiwa na baridi. Chumba kile kile! Ukuta ule ule! Tumekaa humu siku zote hizi na jini!

"Katana alikuwa akisema kabatini anasikia kama kuna mtu mwingine," Rehema akanong'ona.

"Huyo ni mimi chini."

"Alisema mwingine."

Kesho yake alikuja maalimu, akasoma Yasini upande wa pili wa ukuta, na marashi yakanyunyizwa mpaka harufu ikavuka mwanya wa juu ikatufikia. Tulikuwa tumeacha kila kitu. Katana, ambaye kwao ni Wakristo na mambo haya huyapokea kwa kuuliza, akaniinamia.

"Anasomewa nani?"

"Jini."

"Yuko wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta upi?"

Nikauonyesha kwa kidevu. Katana alikuwa ameuegemea. Sikuwahi kumwona akiondoka mahali upesi namna ile. Kuanzia hapo hakukubali kufungiwa kabatini peke yake, na mimi sikukubali kulala chini kichwa ndani bila mtu kunishika miguu. Rehema alirekodi gitaa akiwa amesimama mlangoni, waya umevutwa mpaka mwisho, tayari kwa mbio. Tulinong'ona zaidi ili jini asitusikie. Na kadiri tulivyonong'ona, Bibi alirudi na habari kwamba jini amezidi.

Mnaona nilivyowaambia kuhusu kuchanganyikiwa.

*

Aliyetuokoa ni udi. Ilikuwa wiki ya mwisho, Rehema ameshafunga mizigo, aondoke Jumamosi. Tulikuwa tukirudia mstari mmoja wa Katana. Yumo kabatini, mimi chini yake, Rehema amenishika kifundo cha mguu. Kanga zilikuwa zimefukizwa upya asubuhi ile. Nikamsikia Katana anavuta pumzi, anaizuia, anaivuta tena.

"Katana," nikamwambia, "usithubutu."

Alipiga chafya iliyofungua mlango wa kabati.

Kisha kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamke, wazi kabisa:

"Jini gani huyu apiga chafya?"

Rehema akakikaza kifundo changu.

"Nasema na wewe! Jini gani apiga chafya?"

Katana, mtoto aliyelelewa vizuri, akashindwa kumnyamazia mtu mzima. "Ni mimi, Bi. Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Katana."

"Katana ndiye jini?"

"La, mimi ni wa Mikindani."

Hapo ndipo akili zetu zilipofika, zote tatu kwa pamoja, zimechelewa. Nikaitazama mbuzi ya nazi. Nikautazama ungo. Rehema akauachilia mguu wangu, akaufunika uso kwa mikono miwili.

Nyuma ya ukuta Bi. Zuhura alikuwa akitoa sauti. Nikategesha sikio. Ufundi wangu wote, wajukuu, masomo yote ya Fundi Omari, na sikuweza kujua kama yule mama analia au anacheka. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena.

"Mbarak!" akaniita mwisho.

"Naam, Bi. Zuhura."

"Mwanong'ona nini siku zote hizi?"

"Tunarekodi nyimbo. Tumefanya kimyakimya kwa heshima yako. Kwa sababu umefiwa."

"Nimefiwa na mume," akasema, "sikufiwa na masikio. Nyumba hii imekuwa kimya mpaka nasikia mchwa wakila. Nanyi mwaniongezea kunong'ona!" Akavuta pumzi. "Maalimu amesoma hapa mpaka sauti ikamkauka, mtoto wa watu."

Tukaomba radhi, kila mmoja kwa zamu, kama watu wanaotoa salamu za rambirambi. Tukadhani imekwisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na safari hii ni yeye aliyenong'ona:

"Ule wimbo aliokuwa akiugongea ukuta. Mnao?"

Nikamtazama Rehema. "Lori la Miritini" hatukuwa nao. Tulikuwa na maiti zake tu: kila tuliporekodi, bakora, kila bakora, tukaacha.

"Tunao ulioharibika," nikasema.

"Nauliza mnao au hamnao?"

"Tunao."

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kiunoni, ametuona na ungo wake na foronya zake, na nikajua hesabu hiyo italipwa baadaye. Lakini alinyoosha mkono tu. Nikautafuta ule mrefu kuliko zote, wa siku Katana alipokaidi. Nikampa simu, naye akaenda nayo kwa mjane.

Sisi tukabaki upande wetu. Tukaketi sakafuni, masikio ukutani, hata Katana, aliyekuwa amesahau kumwogopa jini. Na kwa mara ya kwanza nikausikia wimbo wetu jinsi Mzee Athmani alivyokuwa akiusikia: umepita kwenye mawe na udongo, umepoteza maneno, umebaki mtikisiko. Haki ya Mungu, ulikuwa unaudhi. Foleni, vumbi, kisha gitaa likanguruma, ndoo zikaporomoka, na hapo hapo: ngo! ngo! ngo! "Hata adabu hamna!" Katana akaendelea kwa ukaidi, gitaa likaendelea, ngo! ngo! ngo! tena. Kikohozi cha mzee. Mlango wao. Nyayo za viatu vyake vikizunguka nje kuja kwetu. Kisha, "Nyinyi watoto mwataka n'fe?"

Kisha Bi. Zuhura akasema, si kwetu, "Ndiye. Ndivyo alivyokasirika."

Rehema alikuwa amefumba macho. "Ndiyo hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo. Hatutengenezi nyingine."

"Pamoja na kugonga?" Katana akauliza.

"Pamoja na kugonga."

"Na 'lipelekeni hospitali'?"

"Hasa hilo."

Bibi akarudi baada ya muda mrefu. Nikamwomba arudi akatuulizie ruhusa ya kuuweka kwenye albamu, na jibu alilotuletea ni hili: "Asema marehemu aliwachukia sana, msijidanganye. Asema muuweke. Lakini msimkate pale anapokohoa."

*

Rehema alikuwa ameshanakili nyimbo zote, hata zilizoharibika, kwenye kompyuta ya kakake kabla ya simu kuvuka ukuta, na Jumamosi akaondoka, gitaa limefungwa ndani ya shuka. "Samahani, Jirani" iko mtandaoni sasa, itafuteni wenyewe. Wasikilizaji si wengi na wamechanganyikiwa kama sisi. Mmoja aliandika kuuliza ile ngoma ya "Lori la Miritini", nzito kama inatoka ndani ya nyumba, tumetumia kifaa gani. Katana akamjibu: bakora.

Mtaniuliza sasa: kama albamu imetoka, fundi amestaafu kwa nini, si ungesema unapumzikia mtihani?

Nimestaafu kwa sababu sina simu. Bibi alirudi bila simu siku ile, na kesho yake akaenda akarudi bila simu. Nilipomwuliza aliniambia, "Nenda kamdai mjane katika eda yake, nikuone." Basi. Vifaa vya kazi viko upande wa pili wa ukuta mpaka eda iishe, na mtu akikaa muda huo wote bila vifaa, huyo ni mstaafu hata kama ndevu hazijaota.

Chumba kile ndicho ninachosomea sasa. Trei za mayai nimezing'oa. Kila siku baada ya alasiri, nikiwa nimeinamia kemia, nasikia huko ng'ambo vumbi na foleni vikianza polepole. Naweka kalamu chini. Gitaa linanguruma, ndoo zangu zinaporomoka, kisha: ngo! ngo! ngo!

Wimbo ule naujua. Najua bakora ya mzee inapoingia, najua uzito wake, nimeurekodi mimi kwa mkono wangu. Lakini siku hizi kuna kugonga kwingine, baadaye kidogo, wimbo ukishakwisha, mara tatu. Nimeweka kiganja ukutani kama alivyonifundisha Fundi Omari. Unatekenya. Sijui kama ni wimbo ameurudisha nyuma, au ni yeye. Na kama ni yeye, sijui ananiambia nizime nini, mimi niliyekaa kimya na kitabu.

Jana niligonga na mimi, mara tatu, polepole.

"Hata adabu huna!" akasema Bi. Zuhura, na akaurudisha wimbo mwanzo.